Taa za Karakana ya Nyumbani: Chagua Mwanga Unaofaa na Ulio Salama

Kaunti ya Kilifi ina mafundi wengi wanaofanyia kazi nyumbani. Kutoka Mtwapa hadi Malindi, na kutoka Mariakani hadi Kaloleni, utamkuta mmoja akitengeneza simu barazani, mwingine akirekebisha pasi, feni na redio katika chumba cha nyuma, na mwingine amefungua injini ya bodaboda chini ya mwembe. Huku kwetu jua hutua kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika 40 jioni mwaka mzima, na wateja wengi huleta vitu vyao wakitoka kazini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya ufundi huu hufanyika kwa mwanga wa taa.

Hata hivyo, taa ndiyo huwa ya mwisho kufikiriwa. Fundi hununua drili nzuri na mita nzuri, kisha anatundika balbu moja katikati ya chumba na kufanya kazi akiwa ameiziba kwa kivuli chake mwenyewe. Karakana ikiwa ndani ya nyumba, hatari ya taa mbovu haimhusu fundi peke yake. Watoto wamelala chumba cha pili, paa huenda ni la makuti, na pikipiki ya mteja yenye petroli iko hatua chache kutoka jikoni.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua taa kwa kujiuliza maswali matatu: Je, inanionyesha kazi yangu vizuri? Je, haiwezi kuunguza wala kunasa mtu? Je, itanifaa stima ikipotea?

Anza na kazi, usianze na wati

Watu wengi bado huuliza balbu ni ya wati ngapi. Wati hupima umeme unaotumika, si mwanga unaotoka. Balbu ya zamani yenye waya unaowaka, ya wati 60, hutoa takriban lumeni 800. Balbu ya LED hutoa mwanga kama huo kwa wati 9 pekee. Lumeni ndicho kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, na huandikwa kwenye boksi kwa herufi "lm". Hiyo ndiyo nambari ya kutafuta.

Kipimo cha pili ni laksi, yaani kiasi cha lumeni kinachofika kwenye mita moja ya mraba ya mahali unapofanyia kazi. Kwa chumba cha ufundi kwa jumla, laksi 300 zinatosha. Kwa meza ya kazi ya kawaida, kama kufungua pasi au kubadilisha waya, lenga laksi 500. Kwa kazi ndogo ndogo, kama kulehemu sakiti ya simu au kutengeneza saa, utahitaji laksi 750 hadi 1,000. Mtu mwenye umri wa miaka 60 huhitaji mwanga mwingi zaidi ya kijana wa miaka 20 kwa kazi ile ile, hata akiwa na miwani.

Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa mita 3, yaani mita 9 za mraba. Ukizidisha 9 kwa 300 unapata lumeni 2,700. Kwa kuwa sehemu ya mwanga humezwa na kuta na vumbi, balbu nne za LED za wati 9 zitafaa kuliko tatu. Usijaribu kufikisha laksi 1,000 kwa kuongeza balbu za darini. Weka taa ya pili mezani. Taa ya lumeni 400 inayoelekeza mwanga wake kwenye nusu mita ya mraba hutoa laksi 800 palepale unapozihitaji. Balbu iliyo mita moja kutoka kwenye kazi ikisogezwa hadi nusu mita, mwanga unaofika huongezeka karibu mara nne bila kutumia umeme zaidi.

Kabla hujanunua chochote, paka kuta za ndani chokaa au rangi nyeupe. Ukuta wa udongo usiopakwa au uliojaa masizi humeza mwanga, lakini ukuta mweupe huurudisha chumbani. Mchana, bati moja la plastiki linalopitisha mwanga likipachikwa kwenye paa la mabati laweza kukuondolea haja ya kuwasha taa kabisa.

Kivuli, mwanga wa kuumiza macho, na rangi

Taa moja tu, hata iwe na nguvu kiasi gani, huweka kivuli. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, taa ya mezani ikae upande wa kushoto ili mkono usizibe kazi. Anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume. Taa mbili ndogo zinazotoka pande mbili tofauti ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kila moja hufuta kivuli cha mwenzake.

Taa isikutazame machoni. Kifuniko chake kishuke kiasi kwamba ukiwa umeketi huioni balbu yenyewe. Macho yanayopigwa na mwanga mkali huchoka, na ukigeukia sehemu yenye giza unabaki kwa muda huoni vizuri, huku bisibisi au kisu kikiwa mkononi.

Rangi ya mwanga ni jambo la usalama, si urembo. Katika redio na vifaa vingine, kipingamizi chenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu ni cha ohmu 1,000. Mstari wa tatu ukiwa wa rangi ya machungwa, ni cha ohmu 10,000. Kuchanganya nyekundu na machungwa kwa sababu ya mwanga wa manjano uliofifia ni kukosea mara kumi. Hali ni hiyo hiyo kwa nyaya. Waya wa kahawia ndio wenye moto, wa buluu hauna moto, na wa kijani na manjano ni wa ardhini. Katika nyumba za zamani, wenye moto ni mwekundu na usio na moto ni mweusi. Chagua balbu iliyoandikwa CRI au Ra ya 80 na kuendelea, yenye mwanga mweupe wa kadiri, takriban 4,000K. Kwa kazi ya rangi za gari au nguo, tafuta ya 90.

Anayetumia taa yenye lenzi ya kukuza vitu aifunike lenzi hiyo kila anapoondoka. Jua la asubuhi likipita dirishani na kuangukia lenzi, linaweza kuwasha karatasi au kitambaa kilicho mezani.

Joto, makuti na petroli

Taa za halojeni zenye mwanga mkali, zile ndefu za wati 500 zinazofungwa kwenye fremu ya chuma, bado huuzwa kama vifaa vya mtumba. Mwanga wake ni mzuri, lakini kioo chake hufikia mamia ya nyuzi za selsiasi. Hapaswi kuwa na taa ya aina hiyo chini ya paa la makuti, karibu na pazia, gunia, magazeti au vumbi la mbao. Hata mahali penye paa la mabati, ikianguka kwenye godoro au boksi, moto huanza upesi. LED ni salama zaidi kwa joto, ingawa nayo inahitaji hewa. Usiifunge kwa nguo wala kuisukuma ndani ya makuti.

Kwa wanaotengeneza pikipiki, jenereta na pampu za maji, hatari kubwa zaidi ni mvuke wa petroli. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, kwa hivyo katika joto la Pwani mvuke huo upo kila mara kabureta inapofunguliwa. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Hautoki kupitia dirishani kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na pembe za chumba. Balbu ya kioo ikivunjika hapo, waya wake wa ndani, ambao huwa na joto la takriban nyuzi 2,500, unatosha kuulipua.

Kwa hivyo fuata mambo haya:

- Kazi ya tangi, bomba la mafuta au kabureta ifanyike nje na mchana. Ikiwezekana kusubiri asubuhi, subiri.
- Usiweke taa, soketi au ekstensheni sakafuni mahali penye petroli au thina.
- Ikiwa lazima utumie mwanga, tumia tochi ya LED au taa ya kichwani ya betri, na uiwashe kabla hujasogea karibu. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote ndani ya harufu ya petroli.
- Koroboi, mshumaa na kiberiti visikaribie kabisa. Petroli isilale ndani ya nyumba.

Umeme: taa ya mkononi ndiyo huua

Stima ya Kenya ni volti 240. Fundi mwenye jasho, aliye peku kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, ana kinga ndogo sana dhidi yake. Taa iliyoko darini haiguswi sana. Taa ya mkononi hushikwa, huangushwa, huburutwa na kukanyagwa, na waya wake ndio huchubuka kwanza.

Balbu na holda vinavyoning'inia mwishoni mwa waya si taa ya kazi. Taa ya mkononi inafaa iwe na mpini wa mpira au plastiki ngumu, kizimba kinachokinga balbu, ndoano ya kuitundika, na waya unaoshikiliwa vizuri pale unapoingilia. Ikiwa mwili wake ni wa chuma, lazima iwe na nyaya tatu, mmojawapo wa ardhini. Ikiwa ina nyaya mbili tu, tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, ambayo ina maana kwamba imekingwa mara mbili. Isiyo na waya wa ardhini wala alama hiyo iache dukani.

Unapofanya kazi chini ya gari, ndani ya tangi la maji au mahali penye unyevu, usitumie taa ya volti 240 hata kama inaonekana mpya. Tumia taa ya betri au ya volti 12.

Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani. Nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa taa. Fyuzi ya ampea 3 hubeba hadi wati 720 na inatosha taa yoyote ya nyumbani. Waya mwembamba ukipata hitilafu, fyuzi ya ampea 3 itakatika mapema, ilhali ya 13 inaweza kuuacha waya upate moto kwanza. Kuingiza nyaya tupu kwenye soketi na kuzishikilia kwa njiti za kiberiti, jambo ambalo bado linaonekana katika karakana nyingi, kunaondoa kinga ya fyuzi kabisa na kuacha waya wenye moto mahali ambapo mtoto anaweza kuugusa.

Kifaa kimoja kinachostahili kila shilingi ni kile kinachokata umeme unapovuja, ambacho mafundi wa stima hukiita RCD. Chagua cha miliampea 30. Kinaweza kufungwa kwenye boksi la stima la nyumba, na pia kuna cha kuchomekwa kwenye soketi. Bonyeza kitufe chake cha "T" mara moja kwa mwezi. Kisipokata, kibadilishe. Kazi ya kukifunga kwenye boksi, au ya kuongeza laini ya taa, ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, kama inavyotakiwa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019.

Kwa walio karibu na bahari, hewa ya chumvi hula vishikizo vya shaba ndani ya holda na soketi. Mguso ukilegea, hutoa cheche na joto. Zima stima na uvikague kila baada ya miezi michache. Taa ya barazani iwe na alama ya IP44 au zaidi, na inayonyeshewa na mvua iwe IP65.

Mashine zinazozunguka

Stima yetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa, hasa tyubu za zamani na LED za bei ya chini sana, huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Mashine ya kunolea ya benchi huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Chini ya taa ya namna hiyo, gurudumu linaweza kuonekana kana kwamba limesimama au linatembea polepole, na mtu akanyoosha mkono.

Jaribio ni rahisi. Pitisha penseli kwa kasi chini ya taa. Ukiona penseli nyingi zilizokatika badala ya ukungu mmoja laini, taa hiyo inapepesa. Ukiielekezea kamera ya simu ukaona mistari inayotembea, hiyo ni dalili nyingine. Usiitumie karibu na grainda, drili ya benchi wala msumeno.

Mashine na taa zisitegemee swichi moja ya usalama kwenye boksi la stima. Grainda ikizidisha mzigo na swichi ikakata, utabaki gizani huku jiwe bado linazunguka.

Stima ikipotea

Kila karakana iwe na taa moja ya kuchaji inayowaka yenyewe stima inapokatika. Ikiwaka, kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha swichi ya mashine ili uizime. Stima ikirudi ghafla, mashine iliyoachwa bila kuzimwa huanza kuzunguka yenyewe.

Kwa anayetaka kuendelea na kazi ndogo, mfumo mdogo wa sola unatosha. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa nne hutumia wati-saa 40. Betri ya kawaida ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ili idumu. Nusu hiyo ni 42, kwa hivyo inatosha. Volti 12 hazikunasi, lakini nyaya zake zikigusana betri hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuwasha moto. Weka fyuzi kwenye waya karibu kabisa na betri. Taa ya kuchaji ambayo betri yake imevimba isichajiwe tena, na hakuna betri inayopaswa kuchajiwa kitandani au juu ya nguo.

Gharama kwa mwezi

Taa ikiwaka saa tano kila siku kwa siku 30, balbu ya zamani ya wati 60 hula uniti 9 za stima. LED ya wati 9 yenye mwanga ule ule hula uniti 1.35. Halojeni ya wati 500 hula uniti 75. Zidisha hesabu hizo kwa bei ya uniti unayolipa kwenye tokeni zako, utaona ni kwa nini taa ya bei ya chini dukani inaweza kuwa ghali nyumbani.

Kagua haya kabla ya kulipa

- Lumeni, wati na volti zimeandikwa kwenye taa yenyewe, si kwenye boksi tu.
- Kuna alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatiwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwa 20023.
- Waya ni mzima, mnene, na hautoki ukiuvuta kidogo.
- Taa haipepesi kwenye jaribio la penseli. Mwombe mwenye duka aiwashe.
- Inasimama imara, au ina ndoano au sumaku inayoshika.
- Una risiti, na unajua muda wa dhamana.

Ukiwa na mwanagenzi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali pa kazi pawe na mwanga wa kutosha na unaofaa. Haibagui karakana ya nyumbani. Ukimchukua kijana kumfundisha kazi, usalama wake ni jukumu lako.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, simama juu ya kitu kikavu na umwondoe kwa ubao mkavu, kisha umpeleke hospitalini hata kama anaonekana mzima. Moto wa umeme au wa petroli usizimwe kwa maji. Kata stima, tumia mchanga mkavu au kizima moto cha poda, toa watu nje, na upige 999 au 112. Tyubu iliyovunjika ina zebaki ndani yake. Fungua madirisha, watoe watoto, na usifagie kwa mikono mitupu.

Ukiwa na pesa kidogo

Si lazima kununua vyote kwa siku moja. Anza na chokaa ukutani na fyuzi za ampea 3. Kisha nunua taa ya mezani ya LED, halafu RCD ya kuchomeka. Baada ya hapo tafuta taa ya kuchaji, na mwisho balbu za darini. Ukiwa na halojeni chini ya makuti au waya ulioshikiliwa kwa njiti, hilo liondolewe leo, kabla ya kununua chochote.

Walimu wa umeme katika vyuo vya ufundi vya kaunti wanaweza kukushauri kuhusu mpangilio wa taa. Kuhusu kinga ya moto, uliza katika kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe au kwa msimamizi wa wadi yako.